Sava Ikiondoka Tabora, Wajibu Unabaki kwa Nani?

(Hotuba kwa viongozi wa vyama vya msingi vya ushirika, SACCOS na maafisa TEHAMA wa Tabora na Kigoma, iliyotolewa mjini Tabora. Imeandikwa kutoka kwenye rekodi ya sauti. Sehemu ambazo maiki ilikata zimeachwa.)

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu wa vyama vya msingi, mama zangu wa SACCOS, wahasibu, vijana wenzangu wa TEHAMA: shikamooni. Na kwa wale wa nyumbani, mwangaluka! Wageni wetu wa Kigoma mliolala kwenye treni ili muwahi hapa, karibuni Unyanyembe. Dagaa sijawaona mikononi mwenu, lakini hilo tutalimaliza wakati wa chakula.

Nimeombwa nizungumzie vituo vya data, yaani majengo maalumu ya kutunzia sava, zile kompyuta kuu zinazobeba mfumo wa chama, na najua kwa nini. Bodi nyingi zilizokaa humu zimeshapokea barua ya kampuni inayosema: leteni mfumo wenu, sisi tutautunza, ninyi mlipe kila mwezi. Upande wa pili yupo fundi wenu anayesema nunueni sava mpya tuiweke ofisini. Mmebaki katikati, bajeti haijapita, na sava ya zamani inapiga kelele. Sitawazungusha. Kwa chama cha ukubwa wa vyama vingi vilivyomo humu, jibu langu ni kuhama. Ila kampuni ikichukua mashine zako, haichukui wajibu wako kwa wanachama. Hilo ndilo lililonileta, na ndilo ambalo barua zile hazikuliandika.

Kwanza tuseme kwa nini tuhame. Ingia nami kwenye chumba cha sava cha ofisi ya kawaida ya mji huu. Mara nyingi ni stoo iliyopewa jina jipya. Dirisha lina wavu, wavu umejaa vumbi, kwenye kona kuna risiti za msimu uliopita na ndoo ya rangi. Fungua kifuniko cha pembeni cha sava: vumbi limekaa kwenye mapezi ya kile chuma kinachopooza prosesa, feni inazunguka kwa kusuasua, na ndani ya pawasaplai mjusi ametaga. Chini yake kuna UPS, lile boksi la betri linaloishikilia sava umeme ukikatika, ambalo betri zake zimevimba mpaka haziwezi kutolewa bila kuvunja boksi. Fundi anasema UPS ni feki. Huenda. Lakini hata ile ya kweli isingedumu, na sababu yake inafahamika vizuri.

Betri hizi za risasi zilizofungwa zimeundwa kufanya kazi kwenye nyuzi joto 25. Joto likizidi hapo kwa nyuzi 10 mfululizo, umri wake unapungua kwa karibu nusu. Sasa chukua Oktoba yetu, mvua bado haijashuka, ofisi imefungwa tangu Ijumaa jioni, na mtu mwema amezima eisii ili kuokoa LUKU. Chumba kinafika nyuzi 35 bila shida. Betri ya miaka mitano inakuwa ya miaka miwili na nusu, na siku umeme utakapokatika haitakupa hata muda wa kuzima mashine kwa utaratibu. Sava nazo, kwa mapendekezo ya wahandisi wa ASHRAE wa Marekani ambayo karibu kila kituo cha data duniani kinayafuata, zinatakiwa kuvuta hewa ya nyuzi 18 hadi 27. Sisi tunazipa hewa ya stoo.

Halafu kuna radi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa za vyama zinapoungua. Mvua za kwanza za Novemba zinapokuja, fundi ananyooshewa kidole: si uliweka ethi? Aliweka. Alichimbia fito ya shaba ya kupeleka radi ardhini, akapima ukinzani wake, ambao ukiwa mdogo ndio mzuri, akapata ohm 4, na kipimo kinachotakiwa kwenye mitambo ya aina hii kwa kawaida ni ohm 5 au pungufu. Tatizo ni kwamba alipima Machi, udongo ukiwa umelowa. Udongo wetu una mchanga mwingi. Ukikauka miezi mitano, fito ile ile inaweza kusoma mara kadhaa ya ohm alizozipata. Radi ya kwanza ya msimu inakuja wakati ethi iko katika hali mbaya kuliko wakati wote wa mwaka. Wazee wa kazi huzungushia mkaa na chumvi kwenye shimo, na inasaidia kweli, lakini chumvi inasombwa na mvua na inaila ile shaba. Kwa hiyo ethi ipimwe Oktoba. Akija mtu kukuuzia kazi ya ethi, muulize atapima mwezi gani. Jibu lake litakuambia kama anaijua kazi. Tena radi haiji kwa nyaya za umeme peke yake. Inapita kwenye waya wa mtandao uliotoka jengo moja kwenda jingine, na kwenye antena iliyoko juu ya bati. Nimeona ofisi yenye kinga nzuri ya umeme, na swichi yake ya mtandao imeungua kupitia waya wa kamera ya getini.

Tupige hesabu ya umeme. Sava moja ya wastani ikivuta wati 400, na eisii ya 12,000 BTU inayovuta kama wati 1,100 ikifanya kazi nusu ya muda, kwa pamoja ni karibu wati 950 usiku na mchana. Hiyo ni uniti kama 23 kwa siku, zaidi ya 8,300 kwa mwaka. Uniti ikiwa shilingi 350 hivi pamoja na makato yake, unazungumzia shilingi milioni 2.9 kwa mwaka kwa ajili ya kompyuta moja. Na angalia mgawanyo: kwa kila wati inayofanya kazi ya wanachama, unalipia nyingine zaidi ya moja ya kupooza tu. Wenye vituo vya data wanaipima hali hii kwa uwiano wa umeme wote unaoingia kwenye jengo na ule unaofika kwenye mitambo. Wastani wa dunia uko kati ya 1.5 na 1.6. Stoo yetu iko kwenye 2.4, na hapo sijahesabu jenereta na dizeli yake.

Wenzetu wa Kigoma hilo la dizeli hawahitaji kuhadithiwa. Mji wao uliishi kwa majenereta miaka mingi wakati sisi tuko kwenye gridi. Wao wanajua bei ya umeme ambao haukatiki.

Kwenye kituo cha data cha kweli, kila kabati la sava linapata umeme kwa njia mbili, kila njia na UPS zake, nyuma kuna majenereta yenye akiba ya mafuta, mitambo ya kupooza ina wa ziada, moto unazimwa kwa gesi isiyolowesha mashine, na kuna binadamu aliye macho saa nane za usiku. Hicho ndicho unachonunua. Pale Kijitonyama, Dar es Salaam, kipo Kituo cha Taifa cha Data kinachosimamiwa na TTCL. Vipo pia vya kampuni binafsi. Unaweza kupeleka mashine yako mwenyewe ukalipia nafasi kwenye kabati, unaweza kukodi sava pepe, yaani sehemu ya mashine yao inayofanya kazi kama sava yako, au unaweza kuwakabidhi mpaka usimamizi wa mfumo wenyewe: masasisho, ulinzi, nakala za akiba. Kwa chama chenye afisa TEHAMA mmoja ambaye pia ndiye anayerekebisha printa na kufunga spika kwenye mkutano mkuu, hiyo ya tatu ndiyo inayoeleweka.

Mtaambiwa habari za Tia. Ni madaraja ya Uptime Institute ya Marekani, ya kwanza hadi ya nne. Cha kushika ni Tia ya tatu: maana yake mtambo wowote pale ndani, uwe jenereta, kipooza hewa au kebo ya umeme, unaweza kuzimwa ukatengenezwa bila mteja kukatiwa huduma. Lakini cheti chenyewe kina hatua. Kuna cha michoro, na kuna cha jengo lililokwisha kujengwa na kujaribiwa. Mtu anaweza kuwa na michoro mizuri sana iliyopewa cheti na jengo halijakaguliwa na yeyote. Ukioneshwa cheti, soma ni cha nini. Na ukiambiwa “tuko kwenye viwango vya Tia ya tatu” bila karatasi, hiyo ni kauli ya mauzo, iache pale pale.

Sasa umbali. Wazee wengi wanauliza: kitabu cha chama kikikaa Dar, si tutakuwa tunasubiri? Mwanga ndani ya faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Reli kutoka Dar hadi Kigoma ni kama kilomita 1,250. Faiba ikifuata urefu huo, kwenda na kurudi ni milisekunde 12 au 13. Ongeza vifaa vya njiani, sema 25. Ukiweka mfumo Ulaya, unazidi 100, na 150 si ajabu. Tofauti hiyo ukiitazama kwa macho huioni. Ila programu zetu za zamani za uhasibu, zile za kufunga kwenye kompyuta, kabla ya kufungua ukurasa mmoja wa mwanachama zinauliza hifadhidata, lile ghala la kumbukumbu za mfumo, maswali madogo madogo mia moja, moja baada ya jingine. Mia mara milisekunde 25 ni sekunde mbili na nusu. Mia mara 150 ni sekunde 15, na foleni ya wanachama iko dirishani. Kwa hiyo msikubali kuhamishiwa hifadhidata peke yake huku programu ikibaki Tabora. Vihame vyote viwili, ninyi mfungue kwa kivinjari au kwa kioo cha mbali, yaani kuiona kompyuta ya Dar kwenye skrini yenu. Nimeona uhamisho ukilaumiwa kwamba “mtandao wa mkoani ni mbovu” wakati mtandao hauna kosa, kazi ndiyo ilikatwa vipande vibaya.

Kuna faida nyingine ya mfumo kukaa ndani ya nchi. Mei 12, 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Mnakumbuka: meseji zinagoma, intaneti inatambaa. Safari ya Dar hadi Tabora haipiti baharini. Inapita kwenye Mkongo wa Taifa, faiba ya nchi kavu, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009. Mfumo uliokaa Dar ulikuwa na njia ya kufika hapa. Isipokuwa mmoja: ule ambao sava iko Dar lakini kuingia kwake kunathibitishwa na huduma iliyoko nje. Huo ulikwama mlangoni. Muulizeni mtoa huduma kama mfumo unafunguka nchi ikiwa imekatika na dunia. Swali linawashtua kidogo, lakini ni la haki.

Na njia ya nchi kavu nayo inakatika. Barabara inapanuliwa, kijiko cha mkandarasi kinashuka mtaroni, basi. Ofisi inanunua faiba ya pili kwa kampuni nyingine ikidhani imejikinga, kumbe kampuni zote mbili zimepita mtaro ule ule mpaka nje ya mji. Faiba mbili za mtaro mmoja ni faiba moja yenye ankara mbili. Njia ya pili iwe ya hewani, mnara wa simu, hata kama ni ya kasi ndogo. Tabora ni mji wa njia panda, reli hapa inagawanyika ya Mwanza na ya Kigoma, na ukifika Kaliua kuna ya Mpanda. Watu wa hapa hawapaswi kufundishwa maana ya njia ya pili.

Tumehama, basi. Mashine ziko Dar, stoo imerudi kuwa stoo. Nani anabaki na nini?

Machi 10, 2021, jengo la kituo cha data cha kampuni ya OVH pale Strasbourg, Ufaransa, liliteketea. Ni kampuni kubwa, miongoni mwa kubwa za Ulaya. Wateja wengi walipoteza kila kitu. Wengine walidhani nakala za akiba ni sehemu ya huduma, kumbe zilikuwa zinauzwa peke yake; wengine walikuwa na nakala, lakini ilikaa pale pale kulikoungua. Septemba 26, 2025, kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini, mji wa Daejeon, kilishika moto. Chanzo ni betri za lithiamu za UPS, na kinachouma ni kwamba kazi iliyokuwa ikifanyika ni ya kuzihamisha betri zile mbali na sava, kwa sababu ya hofu ya moto. Mifumo 647 ya serikali ilizimwa. Hifadhi ya mafaili ya watumishi wa umma, terabaiti 858, iliungua na haikuwa na nakala mahali pengine. Sababu iliyotolewa ni kwamba ilikuwa kubwa mno kunakiliwa. Hiyo ni Korea Kusini, nchi inayotengeneza hizo diski tunazonunua.

Msitoke hapa mkisema vituo vya data ni hatari. Stoo yenu ni hatari zaidi. Ninachotaka muondoke nacho ni namna ya kukabidhi. Na ninyi kukabidhi mnakujua kuliko mimi. Mkulima akipeleka mazao ghalani chini ya mfumo wa stakabadhi, haondoki mikono mitupu. Anapewa karatasi: uzito huu, daraja hili, ghala hili, tarehe hii. Ghala likiwa zuri kiasi gani, bila karatasi ile hakubali, na mkikubali kwa niaba yake mkutano mkuu utawatafuna. Lakini chama hicho hicho kinapeleka hisa, akiba, mikopo ya pembejeo na wadhamini wa wanachama wote kwenye sava ya mtu, na kinachorudi ni ankara peke yake. Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lenyewe likishakuwa mali, nalo linataka daftari lake.

Stakabadhi ya data ni ukurasa mmoja kwa mwezi, unasainiwa na kampuni. Unasema: hifadhidata yenu ina ukubwa huu, nakala ziko ngapi, zinakaa majengo gani, na angalau moja iko mji mwingine, haiunganishwi na mfumo muda wote ili kirusi cha kufunga mafaili kisiifikie, na mara ya mwisho tulirejesha nakala hiyo kwenye mashine tupu ikafunguka tarehe fulani, ikachukua muda fulani. Hilo la mwisho ndilo la thamani kuliko yote, na ndilo watakalojaribu kuliruka. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa mtu asiihesabu.

Tuseme hifadhidata na picha za fomu zenu zimefika gigabaiti 500, na laini yenu ni megabiti 10 kwa sekunde. Kila usiku mnabadilisha kama gigabaiti 2. Hizo zinapita ndani ya nusu saa, watu wamelala, hakuna anayejua. Mnafurahi: nakala inakwenda kila siku. Siku ya balaa mnataka zote 500 zirudi kwa laini hiyo hiyo. Piga hesabu: ni saa 111, yaani zaidi ya siku nne na nusu, laini isipokatika hata mara moja na asiitumie mtu mwingine. Diski iliyowekwa kwenye basi la asubuhi kutoka Dar itafika Tabora kabla ya robo ya mafaili yenu kushuka. Sifanyi mzaha, iandikwe kwenye mkataba kwamba diski itatumwa, nani anailipia nauli, na imefungwa kwa nywila ambayo ninyi mnayo. Au, bora zaidi, mfumo urejeshwe kule kule Dar kwenye mashine nyingine, nanyi muuone kupitia laini yenu ndogo. Mkubaliane mapema ni lipi kati ya hayo.

Hapo bodi inatakiwa iamue mambo mawili, na afisa TEHAMA asiachiwe aamue peke yake. Tunaweza kuvumilia kupoteza kazi ya muda gani? Tunaweza kukaa bila mfumo muda gani? Januari jibu linaweza kuwa siku nzima na dunia isitikisike. Siku ya soko la tumbaku, marobota yako kwenye mizani, mteuzi anataja daraja, mkulima anasubiri kujua akikatwa mkopo wa pembejeo anabaki na nini, jibu ni jingine kabisa. Mkataba unaosema “asilimia 99.9 kwa mwezi” unaruhusu dakika 43 za kukatika. Haujasema dakika hizo zitaangukia lini. Na ukisoma mbele utakuta kipimo kinafanyika mlangoni kwao, si mezani kwako. Na fidia ni sehemu ya ada ya mwezi. Mkulima aliyelala sokoni hayumo kwenye fidia hiyo. Ombeni angalau kwamba matengenezo ya kupangwa yasifanyike siku za masoko, na orodha ya siku hizo muwape ninyi. Kampuni nyingi zitakubali, maana haiwagharimu kitu. Hawakuandika kwa sababu hawakujua kuna soko.

Sheria nayo iko upande wa mwanachama. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 1, 2023. Chama kinachochukua jina, namba ya NIDA, picha na taarifa za mkopo ni mkusanyaji. Kampuni inayotunza sava ni mchakataji. Mkusanyaji anatakiwa kusajiliwa kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kumkabidhi mchakataji hakumwondolei mkusanyaji kuulizwa. Kupeleka taarifa nje ya nchi kuna masharti yake. Kwa hiyo “wingu letu liko popote duniani” si sifa mbele ya bodi yenu. Waambieni wataje nchi.

Sasa jambo dogo ambalo nimelikuta mara nyingi mpaka nimeacha kushangaa. Chama kina tovuti na barua pepe zinazoishia na .tz. Unauliza jina hilo limesajiliwa kwa nani. Kimya. Ukifuatilia, limesajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyetengeneza tovuti, kijana amehamia Mwanza, namba yake haipatikani, na ada ya mwaka inakaribia kuisha. Nywila kuu ya mfumo iko kwenye simu ya mtu huyo huyo. Hapo hata ukipewa kituo cha data bora Afrika nzima, wenye nyumba si ninyi. Jina la mtandao lisajiliwe kwa barua pepe ya ofisi, si ya mtu. Nywila kuu na funguo za usimbaji, zile za kufungulia data iliyofichwa, ziandikwe, zifungwe kwenye bahasha mbili zilizosainiwa, moja sefu ya chama, moja benki. Afisa TEHAMA akiondoka, zibadilishwe siku hiyo hiyo, hata kama mmeagana kwa keki.

Na kutoka. Barua ya kampuni inaeleza mlango wa kuingia kwa rangi nne. Waulizeni wa kutokea: tukitaka kuhama, mnatupa data kwa muundo gani, ndani ya siku ngapi, kwa bei gani, na mkishatupa mnafuta lini na mnathibitisha vipi? Muundo uwe ule ambao fundi mwingine yeyote anaweza kuufungua, faili la kawaida la hifadhidata pamoja na majedwali yanayosomeka. Ukipewa mafaili ya PDF elfu kumi, hujapewa data, umepewa picha zake.

Kinachobaki Tabora ni kidogo, lakini kinabaki. Swichi, ruta, laini mbili za njia tofauti, UPS ndogo ya kuvibeba hivyo kwa saa chache, na ethi yake ya Oktoba. Kila asubuhi ya msimu, kabla ya dirisha kufunguliwa, orodha ya salio za wanachama ishushwe kwenye kompyuta moja, au ichapwe. Na vitabu vya stakabadhi vya karatasi visitupwe. Kuna bodi moja iliambiwa na muuzaji kwamba karatasi ni ushamba, ikauza vitabu kwa kilo. Mtandao ulipokata siku ya soko, waliandika majina nyuma ya kalenda.

Mzee mmoja hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza, akasema, mwanangu, yote haya ni shilingi ngapi? Siwezi kukutajia bei ya kampuni, mzee wangu, kila moja ina yake. Lakini hesabu yako ya kulinganisha unayo tayari: ile milioni 2.9 ya umeme, ongeza betri mpya kila baada ya miaka miwili na nusu, ongeza sava mpya kila baada ya miaka mitano, ongeza dizeli, ongeza kilichoungua Novemba iliyopita. Jumlisha, gawanya kwa miezi. Ankara ya kampuni ikiwa chini ya hapo au sawa na hapo, hama. Ikizidi sana, wanaoweza kuungana ni vyama vitano au sita vyenye mfumo mmoja wakanunua pamoja. Ushirika mnaujua tangu enzi za babu zetu, sioni kwa nini uishie kwenye tumbaku na asali.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Niliwaomba wahasibu waje na diski zao za nakala, na nimekuja na kompyuta tupu isiyo na kitu. Baada ya chai, meza ile ya nyuma, tutazijaribu moja moja, mwenye diski akiwa amesimama hapo. Wa Kigoma waanze, wana treni ya kuwahi.